Ambao Bado Hawajaleta Keki

Shule za kaunti yetu hazikupi cheti cha kumaliza mpaka utimize saa za kujitolea. Wenzangu wenye akili walizimaliza mapema, wakiokota takataka kando ya ziwa au wakiwasomea vitabu wazee waliokuwa wamelala. Mimi niliziacha zinisubiri. Ilipofika vuli ya mwaka wangu wa tatu wa sekondari, mshauri wa shule aliniita ofisini akaniambia nina saa nne tu, na mbili kati ya hizo haziamini. Nikamwambia hata mimi siziamini. Hakucheka. Alinisukumia orodha ya sehemu zinazohitaji watu, nikachagua kampeni ya mgombea wa usherifu kwa sababu mbili: ofisi yake ilikuwa karibu na kituo cha basi, na nilisikia kuna piza.

Piza haikuwapo. Kulikuwa na duka lililowahi kuwa la kupaka kucha rangi, bado linanuka dawa ya kucha, meza mbili za kukunja, na mwalimu mstaafu wa Kizungu aliyekuwa akisimamia kila kitu kama darasa la pili. Kisha kulikuwa na mgombea mwenyewe. Alikuwa Mmarekani mweusi, sajini mstaafu wa polisi, mabega mapana kama mlango wa gereji na sauti iliyokwisha kukauka kabla sijafika. Nilimpa jina la Mheshimiwa Mtarajiwa. Alipojua maana yake alisema angalau mtu mmoja ana matumaini.

Sherifu wa kwetu si yule wa sinema mwenye farasi. Polisi wa kaunti wana mkuu wao, na huyo hachaguliwi. Sherifu anachaguliwa, na askari wake ndio wanaolinda mahakama, wanaokuletea hati za kuitwa shaurini, na wanaosimama mlangoni godoro lako likitolewa nje kwa sababu kodi imekushinda. Mgombea alitaka mambo matatu. Askari wasimwulize mtu makaratasi yake ya uhamiaji. Vitu vya watu wanaohamishwa visitupwe kwenye mvua. Na malalamiko dhidi ya askari yasichunguzwe na rafiki wa askari huyo. Aliyasema hayo matatu mara nyingi mpaka nikawa nayasema usingizini. Mdogo wangu wa kiume anashuhudia.

Tulibisha milango huko Germantown, kwenye zile nyumba za kuungana zinazofanana kama meno. Zilikuwa jioni za siku za kazi, na wenye nyumba walikuwa bado barabarani, wamekwama kwenye foleni kutoka Washington. Tulikuwa tunaomba kura kwa mbwa. Mgombea alikuwa akiacha karatasi mlangoni, anashuka ngazi akishika goti, anapanda ngazi za jirani. Siku moja nilimwuliza kwa nini mtu wa umri wake asikae nyumbani atazame mpira. Akasema kwamba miaka yote aliyokuwa kazini aliona mambo akanyamaza, na sasa kunyamaza kunamchosha kuliko ngazi. Hilo silo alilokuwa anawaambia watu milangoni. Nilimshauri alitumie. Akasema haliingii kwenye karatasi.

Basi mimi, kwa akili zangu nyingi, nikasema nina kanisa lililojaa watu ambao hawatamfungia mlango, kwa kuwa tayari watakuwa ndani.

Kanisa letu linakodi jengo la kanisa la Wazungu. Wao wakimaliza saa sita, sisi tunaingia saa saba na viungo vyetu vya pilau. Wengi ni Wakenya wa bara, kuna Watanzania, kuna Wakongo wachache, na karibu kila mwanamke humo ndani anafanya kazi ya kumgeuza mgonjwa kitandani au anasomea ruhusa ya kumdunga sindano. Wanakuja wametoka shifti, au wanakwenda shifti. Pasta anajua. Akiona vichwa vinaanguka wakati wa mahubiri, anasema tusimame tuimbe.

Mama yangu ni mmoja wao. Anafanya usiku katika nyumba ya wazee, saa tano usiku mpaka saa moja asubuhi, halafu siku tatu kwa wiki anakwenda kumwogesha bibi mmoja wa Kizungu anayemwita kwa jina la binti yake marehemu. Nilifika nchi hii nikiwa na miaka tisa, kwa hiyo Kiswahili changu kilikuwa kimeshakomaa. Mdogo wangu anaelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza. Mimi ndiye mkalimani wa nyumba, wa kanisa, na wa mtu yeyote anayepigiwa simu na benki.

Pasta alikubali mgombea aje asalimie kanisa. Alikuja na tai, na mwalimu mstaafu akaja na ubao wa kuandikia wenye rundo la fomu za kujiandikisha kupiga kura, kwa sababu siku ya mwisho ya kujiandikisha ilikuwa Jumanne ile. Mwalimu alinishika bega pale mlangoni akaniambia kwa sauti ya darasani: kabla hujampa mtu fomu, mwulize kwanza kama ni raia. Kila mtu. Nikasema ndiyo, mwalimu.

Mgombea alisema mambo yake matatu, nami nikatafsiri. Alipofika kwenye askari wasioulizia makaratasi, ukumbi ulisema amina ambayo hata kwaya haijawahi kuipata. Yule mtu alinitazama kama anayeuliza wamekuwa wapi siku zote. Nilimwona akisimama wima zaidi. Nilipaswa kumwambia hapo hapo kwamba watu wetu wanakuitikia amina hata ukitangaza kwamba gari limeegeshwa vibaya. Sikumwambia.

Sasa, kanisani kwetu kila Jumapili kuna karatasi inayopita. Kuna msiba, andika jina na simu. Kuna mtoto amezaliwa, andika utaleta nini. Kuna mtu anahama, andika kama una gari. Karatasi ikifika mkononi mwako unaandika, ndipo unauliza. Kutouliza ni heshima.

Safu tatu za kwanza niliuliza vizuri kama nilivyoagizwa. Wa kwanza si raia. Wa pili si raia. Wa tatu alinieleza historia yote ya ombi lake tangu lilipopotea huko Texas. Safu ya nne, anti mmoja akaishika fomu akaitazama juu na chini.

"Wewe msichana, hii ni ya nini tena? Matanga ama harusi?"

"Ya kura, anti. Wewe ni raia?"

"Mimi ni raia wa mbinguni."

Safu nzima ikacheka, naye akajaza. Nilikuwa nimechoka, njaa inaniuma, na nimeibiwa kicheko mbele ya watu. Huo ndio ukweli wangu wote. Safu ya tano waliponiuliza hii ni ya nini, nikasema, "Ya chai. Asiyejaza hanywi."

Wakacheka, wakajaza. Mzaha ulifanya kazi vizuri kuliko maelezo, kwa hiyo nikauendeleza mpaka safu ya mwisho. Shemasi wetu Mkongo, fundi wa majokofu, aliinua kalamu.

"Binti, hapa wanataka numero ya permis."

"Andika ya laiseni yako, papa."

"Na hiki kisanduku?"

"Tia tiki. Kila kisanduku ni tiki."

Bibi mmoja Mtanzania aliyekuwa nyuma yake alinisikia, akachukua fomu tatu badala ya moja. Nikadhani anapenda kuandika.

Mgombea alikula pilau sahani mbili, kwa kuwa kina mama hawakumpa nafasi ya kukataa. Aliondoka na fomu thelathini na moja. Mwalimu aliniambia hajawahi kuona kitu kama hiki. Nilikubali pongezi.

Kesho yake, Jumatatu jioni, mama aliamka, akaoga, akaketi mezani na chai yake kabla ya kwenda kazini. Hicho kilikuwa kipindi chetu cha masomo. Ombi lake la uraia lilikuwa limeshapokelewa, na barua ya kumwita kwenye usaili ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Mimi nilikuwa namwuliza maswali ya uraia, naye anajibu huku anakunja nguo. Wakati mwingine nilichomeka maswali yangu.

"Nani huchukua nafasi ya rais akifa?"

"Makamu wa rais."

"Na ugali ukiungua, nani anakula?"

"Wewe. Soma, wacha upuzi."

Tulipomaliza ya historia tukaingia kwenye nakala ya ombi lenyewe, kwa sababu ofisa huyarudia yale maswali akiwa amekuapisha. Umewahi kukamatwa. Hapana. Umewahi kuwa mlevi wa kila siku. Hapana. Umewahi kujiandikisha kupiga kura katika nchi hii.

"Ndiyo," mama akasema, akakunja soksi.

"Mama, hapo ni hapana."

"Nimejiandikisha jana. Si ni wewe ulileta fomu?"

Nilimwambia hakuwapo ukumbini. Zamu yake ya jikoni ilikuwa jana, nilimwona mwenyewe na mwiko. Akasema yule bibi Mtanzania alimletea moja jikoni, nyingine akampa mama aliyekuwa anakatakata kachumbari.

"Nikajua ni mambo ya zile saa zako za shule," akasema. "Nilifikiri kila fomu ni saa moja kwako. Hata niliandika kwa herufi kubwa, wasije wakakukatalia."

"Na ulitia tiki penye raia?"

"Bibi alisema umesema kila kisanduku ni tiki."

Sikuwa na mzaha. Nilitafuta, sikupata. Mama alinitazama uso, kisha akaacha soksi. Hakuhitaji kuelezwa. Kila mtu kanisani anamjua yule kijana wa Manassas aliyetia tiki ya aina hiyo kwenye fomu ya kazi, akidhani ni jambo dogo. Kijana alirudishwa kwao, yuko Nakuru. Watoto wake wako Manassas. Kila mwezi tunawaombea.

"Iko wapi sasa hiyo karatasi?" akauliza.

Nikafungua simu nikampigia mwalimu. Akasema fomu zote ziko kwenye sanduku ofisini, kesho asubuhi anazipeleka ofisi ya uchaguzi. Nikamwambia mama. Alivaa viatu vyake vyeupe, akachukua kitambulisho chake cha kazini. Akasema hawezi kukosa shifti, kwa sababu akikosa, wagonjwa wawili hawatageuzwa. Mlangoni akasimama. "Ulichanganya chai na serikali," akasema, akaondoka. Angenipiga ingekuwa afadhali.

Nilipanda basi la kaunti. Mgombea alikuwa ofisini, yeye na mwalimu tu, amevua viatu, miguu juu ya kiti, anakunywa supu ya kopo bila kuipasha moto. Nilianza kwa uongo. Nilisema kuna fomu moja imeandikwa vibaya, kwamba mwenyewe ameniomba niichukue nikamrudishie airekebishe, jambo dogo sana.

Aliendelea kunywa supu. "Umesema dogo sana," akasema. "Watu wakiniambia ni dogo sana, huwa nakaa chini. Nimeshakaa. Endelea."

Nikamwambia yote, na ile ya chai pia. Mwalimu akaketi, akafunga macho. Mgombea aliweka kopo mezani. Nilitegemea anifokee, na nilikuwa nimejiandaa, kufokewa nakujua. Badala yake aliuliza niliwauliza uraia watu wangapi. Nikasema safu tatu za kwanza. Akauliza ni safu ngapi jumla. Nikasema kumi na mbili. Akapangusa uso kwa viganja vyake viwili, kama mtu anayenawa bila maji.

"Nipe tu ya mama yangu," nikasema. "Hakuna atakayejua."

"Hiyo ndiyo sentensi niliyokaa nayo miaka yangu yote," akasema. "Hakuna atakayejua. Siwezi kukupa wewe karatasi ya mtu mwingine, hata akiwa ni mama yako. Siwezi kuchomoa mimi mwenyewe. Lakini fomu ni ya aliyeijaza mpaka ifike kule. Aje mwenyewe aitoe kwa mkono wake. Na wengine pia."

Nikampigia mama kabla hajaingia kazini.

"Mama, anasema uje wewe mwenyewe."

"Kwa polisi?"

"Alistaafu."

"Polisi hastaafu."

"Mama, ni mzuri. Ulimpa pilau."

"Pilau nilimpa mgeni. Nikienda pale kusema nilitia tiki ya uongo, nimekiri kwa mdomo wangu, mbele ya askari. Wewe unajua kukiri ni nini?"

Mgombea aliuliza anasemaje. Nikasema anasema ana kazi.

"Anasema haniamini," akasema.

"Hilo pia."

Akavaa viatu. Akauliza mama anatoka saa ngapi, nikasema saa moja asubuhi. Akasema atakuwa nje ya nyumba ile ya wazee na sanduku lake, upande wa mbali wa maegesho, kuanzia saa moja kasorobo. Hatavaa tai. Kama hataki kumsogelea, basi. Lakini saa kumi na moja jioni ofisi ya uchaguzi inafunga, na yeye ana watu halali ndani ya sanduku lile ambao nao wana haki ya kuandikishwa.

Asubuhi nilikwenda kwa basi la kwanza. Kulikuwa na umande kwenye magari yote. Mgombea alikuwa amesimama na jaketi la kawaida, sanduku la viatu liko juu ya boneti, mwalimu ndani ya gari amelala mdomo wazi. Saa moja na dakika kumi wale wa usiku wakaanza kutoka, wanatembea vile wanavyotembea, kana kwamba lami ni matope. Mama alituona. Alisimama mbali, mkoba kifuani. Nilikwenda nikamchukua.

"Mwulize," akaniambia kwa Kiswahili, ingawa Kiingereza chake hakina shida yoyote, "ataandika wapi kwamba nimekuja."

Nikauliza. "Sitaandika popote," akasema mgombea.

"Mwulize tena."

Nikauliza tena. Akajibu tena, kwa maneno yale yale, bila kukasirika. Kisha akafanya kitu ambacho sikumwomba. Akasema, "Mwambie sitatazama," akageuka akatupa mgongo, akabaki akitazama barabara na magari yanayokwenda Washington.

Mama alifungua sanduku. Alipekua fomu kama anavyopekua chati za wagonjwa wake, kwa kidole cha kati, haraka. Yake ilikuwa ya kumi na kitu. Herufi kubwa, nzuri, zimepangika. Aliikunja mara nne akaiweka ndani ya sidiria.

Nilidhani tumemaliza. Lakini alikuwa ameona majina mengine. Akaanza upya kutoka juu, taratibu.

"Huyu alileta keki," akasema. "Huyu hajaleta. Huyu hajaleta. Huyu, keki ya Pasaka, ile yenye bendera iliyoyeyuka."

Kanisani kwetu ndivyo tunavyojua. Ukiapishwa uraia, Jumapili inayofuata unaleta keki, pasta anakushika mkono, watu wanakula. Na kabla ya keki, unasimama mwaka hata miaka ukiomba uombewe makaratasi. Hakuna siri. Ofisi ya uhamiaji ingetuuliza sisi ingeokoa muda mwingi.

"Hawa ishirini na moja hawajaleta keki," mama akasema. "Mwambie asiende."

"Anajua, mama. Anasema kila mmoja aje mwenyewe."

Akaketi ukingoni mwa njia ya miguu, na sare yake ya kazi, akafungua simu. Alikuwa amefanya kazi kwa muda wa saa nane. Aliwapigia mmoja mmoja. Hakueleza sana, alisema tu ile karatasi ya Jumapili si ya chai, njoo uichukue kabla haijafika serikalini. Kila baada ya simu mbili alinitazama, akanyoosha mkono nimsomee namba inayofuata. Nilikuwa nimekosa kipindi cha hesabu, cha historia na cha chakula cha mchana. Sikumkumbusha.

Wakaja. Walikuja na sare za rangi zote, za kijani, za zambarau, moja yenye picha za paka kwa sababu mwenyewe anafanya kazi na watoto. Wengine walikuwa wametoka kazini, wengine wameamshwa usingizini. Mmoja alimleta mtoto akiwa na nguo za kulalia. Mgombea alirudia ile hali yake ya kugeuka kila alipofika mtu, na kwa kuwa walikuja mmoja mmoja mpaka mchana, alishinda akitazama barabara. Anti wa uraia wa mbinguni alitoa yake, akanikazia macho.

"Siku ile nilifikiri mimi ndiye mcheshi," akasema. "Kumbe."

Bibi Mtanzania alikuja kwa gari la mpwa wake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama anayemsamehe mwizi. Yeye keki yake ililiwa zamani, hakuwa na haja ya kuja.

"Yangu iacheni hapo hapo," akasema. "Nimekuja kuona haya niliyoambiwa. Huyu mzee amesimama hivi tangu asubuhi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mwambie nimeishi sana, na sijapata kumwona askari anayegeuka ili asione."

Nikamwambia. Hakugeuka hata hapo. Alisema asante kwa barabara.

Wa mwisho alikuwa shemasi. Alikuwa amekwenda Manassas kutengeneza jokofu la bucha, na kutoka kule kuja kwetu wakati ule ni kuvuka daraja moja lenye foleni ya madaraja mengine yote. Saa tisa ikapita. Mwalimu alikuwa ameamka, anatazama saa yake kila dakika. Saa kumi kasoro dakika chache shemasi akaingia na gari lake lenye ngazi juu, ovaroli imejaa grisi. Alitafuta fomu yake kwa ncha za vidole, asiichafue, ingawa alikuwa anakwenda kuichana.

"Bon," akasema. Akanitazama. "Binti. Chai yako ilikuwa ya moto sana."

Alipoondoka mgombea akageuka, akanyoosha shingo ikalia kama mlango. Akaingiza mkono ndani ya sanduku, akahesabu. Zilikuwa tisa.

"Tisa za kweli," nikasema. Nilitaka kumpa kitu.

"Nimewahi kuwa na siku mbaya kuliko hii," akasema.

"Lini?"

Alifunga sanduku. "Nitakumbuka," akasema, akampa mwalimu sanduku, wakaenda.

Alishindwa. Hakushindwa kwa kura tisa wala kwa ishirini na mbili, alishindwa vizuri, mapema usiku wa matokeo, kabla hatujamaliza vitafunio. Ofisini tulikuwa watu kumi na wawili na bibi Mtanzania aliyekuja na sambusa. Mgombea alitushukuru mmoja mmoja, kisha akaanza kukunja meza mwenyewe. Mwalimu alinitilia saini karatasi ya saa zangu. Nilimwambia ile Jumapili asiihesabu. Akasema hakuwa ameihesabu.

Usaili wa mama ulikuwa Baltimore, wiki chache baadaye, saa nne asubuhi. Alitoka kazini moja kwa moja, akabadilisha nguo chooni, akavaa gauni la samawati na viatu vinavyombana. Nilimsindikiza kwa sababu nilikuwa na kibali cha mwanafunzi wa udereva na yeye hakuwa amelala. Njiani hatukufanya maswali. Nilijaribu mara moja, nikasema ugali ukiungua nani anakula, akasema nyamaza kidogo, mwanangu.

Niliketi chumba cha kusubiri. Watu wote walikuwa wamevaa kama wanakwenda harusi ya mtu wasiyempenda. Mlango ulifunguliwa mara nyingi. Alipotoka alikuwa ameshika karatasi, na sikuweza kusoma uso wake. Sikumwuliza mpaka tukafika kwenye gari.

"Alikuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema hapana. Ni kweli, sijaandikishwa popote." Akavua kiatu kimoja. "Lakini nilikawia. Nilihesabu pumzi tatu. Nikasema huyu ataniuliza kwa nini nimekawia."

"Akasema nini?"

"Alikuwa anatafuta kalamu. Akasoma swali linalofuata."

Akanionyesha karatasi. Ilisema amepita, asubiri kuitwa kuapa. Niliisoma mara mbili. Nilitaka kusema samahani, nayo nilikuwa nimeibeba mwezi mzima kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nilipogeuka alikuwa amekwishalala, kichwa kwenye kioo, kiatu kimoja mkononi.

Nikawasha gari. Niliendesha taratibu, vile anavyopenda, malori yakinipigia honi. Nilikosa njia ya kutokea, nikajikuta Columbia, nikazunguka katikati ya zile barabara zao zinazorudi zilikotoka, mara mbili, labda tatu. Hakuamka. Nikazunguka tena.